Treni Inayofia Kamukuywa

Jumanne, 1 Oktoba

Nesi wa hospitali ya Lugulu aliniambia niwe nikiandika kila siku vile mgonjwa ameamka, amekula nini, mkono umesogea au haujasogea. Haya. Eliakim ameamka. Uji kikombe kizima. Mkono wa kulia haujasogea. Mguu anauburuta, lakini unamfikisha anakotaka, na anakotaka ni stoo.

Nieleze, maana nesi hajafika kwetu. Stoo yetu ni ya mahindi. Tangu mwaka uanze, bwana yangu ameijaza reli. Amepiga meza ya mbao inayonifika kifuani, imefuata kuta tatu, na juu yake ametandaza reli ndogo, upana wa kidole gumba, kutoka Kitale, mlangoni, hadi Bungoma, dirishani. Reli ya namna hiyo haijawahi kujengwa. Eliakim alikuwa fundi wa ishara stesheni ya Bungoma mpaka akastaafu, na miaka yote hiyo alilalamika kwamba mtu wa Kitale akitaka kwenda Bungoma kwa treni ilibidi azunguke kupitia kwa watu wa Eldoret kama aliyefukuzwa kwao. Basi akanunua injini na mabehewa kwa daktari mmoja wa misheni aliyekuwa akirudi kwao, akajijengea mwenyewe. Nilimcheka sana. Mzee mzima na treni ya kutosha mfukoni.

Agosti kiharusi kikampiga. Mkono ukalala, maneno yakaenda, likabaki neno moja. Bado. Umeshiba? Bado. Unaumwa? Bado. Mimi ni nani? Bado. Mara ya kwanza nilicheka. Halafu nikaenda kulia jikoni.

Ijumaa, 4 Oktoba

Uji nusu. Mkono vile vile. Amewasha treni kwa mkono wa kushoto. Imetoka Kitale na nguvu, ikapita stesheni ndogo ya Kiminini ikisuasua, ikafia kwenye daraja la Kamukuywa. Akaisukuma kwa kidole, ikafa tena.

Jumamosi, 5 Oktoba

Imefia Kamukuywa.

Jumapili, 6 Oktoba

Baada ya kanisa Hesbon alikuja na mkate. Ni kijana wetu wa kwanza, anafanya kazi ofisi za kaunti mjini Kitale, na anapenda kuongea kama yuko mkutanoni.

"Mama, umekonda," akasema. "Ukianguka na wewe, tutafanya nini? Senge Edinah, dada yake Baba, ametayarisha chumba kule Bungoma. Baba akae kwake, Lugulu si mbali, kliniki hatakosa. Wewe ubaki upumzike, uwe ukienda kumwona."

"Baba yako umemuuliza?"

"Nimuulize nini, Mama? Atasema bado. Akili imeenda. Si unaona, anacheza na treni ya watoto."

Eliakim alikuwa pale pale, ameketi kwenye kiti chake. Sijui alisikia namna gani. Aliangalia mikono yake tu.

Niandike ukweli. Sikubishana. Mgongo unaniuma kwa kumwinua, usingizi sina, na mahindi yamekauka yananingoja. Nilisema sawa. Tumekubaliana siku ya Jamhuri, familia ikija kula, Edinah ataondoka naye. Na stoo itakuwa imepata nafasi ya mahindi.

Jumanne, 8 Oktoba

Vibarua kutoka Kipsongo wamefika. Tumeanza kukata mahindi na kuyasimamisha. Uji kizima.

Ijumaa, 11 Oktoba

Leo nimeona kitu.

Nilikuwa namlisha uji pale stoo kwa sababu alikataa kutoka. Katikati ya kula akaninyang'anya kijiko, akakipeleka kwenye reli karibu na Kamukuywa. Nikamwambia, "Baba Hesbon, hii ikila uji wako, wewe utalala njaa." Hakucheka. Akakirudisha kijiko mdomoni mwake, akakipeleka tena kwenye reli. Mdomo, reli. Mdomo, reli. Kisha akanivuta kanga mpaka nikainama chini ya meza.

Chini kuna nyaya mbili nene, moja nyekundu, moja nyeusi, zinatoka kwenye kisanduku cha kuendeshea kule Kitale. Kila baada ya hatua kidogo kuna vijiwaya vyembamba vinachomoka kwenye zile nene, vinapanda kupitia matundu hadi juu. Chekundu kinashika reli ya ukutani, cheusi reli ya upande wetu. Lakini vinaishia Kiminini. Mbele ya hapo nyaya nene zimeviringwa zinaning'inia tu. Hapo ndipo alipofika kabla ya Agosti.

Nilikaa sakafuni nikafikiri. Reli zimeungwa kipande kwa kipande, na stima ikipita kila kiungo inachoka kidogo. Ikifika Kamukuywa haina pumzi. Kwa hivyo inalishwa njiani. Nyaya nene zinabeba, zile nyembamba zinalisha.

Nikamuuliza, "Ilikuwa inataka kulishwa hapa na hapa na hapa, mpaka Bungoma?"

"Bado," akasema, lakini machozi yalimtoka, na alikuwa anatabasamu kwa ule upande wa uso unaotabasamu. Mtu aliyeniambia jambo kama hilo kwa kijiko, je, akili yake imeenda wapi?

Jumamosi, 12 Oktoba

Kuunga vijiwaya kwa chuma cha moto kunataka mikono miwili, na Eliakim ana mmoja. Nimeenda mjini kwa Kipkirui, fundi wa redio na simu karibu na Kipsongo. Kijana wa maneno mengi lakini mkono wake hautetemeki.

"Sasa, mathe! Ati wewe ndiye unataka kulehemu?"

"Ni mimi. Kwani ni dhambi?"

"Aii, hapana bana. Si ukae nikuonyeshe." Akanifundisha kuchuna ganda la waya bila kuukata, kuzungusha kile chembamba, kisha kuweka chuma cha moto na risasi, ule uzi wa madini laini wa kuungia. "Moto upewe waya, si risasi. Waya ikishika moto, risasi inakuja yenyewe. Ukichoma risasi, itakaa juu hapo kama makamasi, na haitashika kitu."

Ameniazima chuma chake cha zamani. Nimechoma kidole na kipande cha kanga.

Jumanne, 15 Oktoba

Uji kizima na ndizi. Tumetandaza nyaya nene juu ya turubai uani, nyekundu kando ya nyeusi. Eliakim ameketi kwenye kigoda na plasta za hospitali, anabandika vipande kwa mkono wa kushoto mahali pa kuchuna. Imemchukua asubuhi yote. Amebandika nyekundu hapa, nyeusi mbele kidogo, nyekundu hapa, nyeusi mbele kidogo, hakuna hata mahali pamoja palipolingana.

Hesbon alipita akaona. "Unaona, Mama? Hata kupanga plasta sawasawa hawezi."

Roho iliniuma, lakini niliona kweli zimepindana. Mkono wa kushoto haujazoea, nikajiambia. Alipolala mchana nikabandua zote za ule waya mweusi, nikazipanga zielekeane na za ule mwekundu, sawa sawa, kama ninavyoshona gunia: tundu la huku na tundu la huku, mkabala. Mimi nashona gunia tangu nikiwa msichana na hakuna gunia langu limewahi kumwaga.

Alipoamka akaangalia turubai, akaniangalia mimi. "Bado," akasema. "Bado, bado, bado." Nikamwambia asante.

Ijumaa, 18 Oktoba

Kiungo changu cha kwanza, mbele ya Kiminini. Nilishika moto kwenye waya nikahesabu pumzi zangu, nikagusisha risasi, nayo ikayeyuka ikazama ndani ya nyuzi za shaba yenyewe, ikang'aa kama maji. Nilipiga kelele mpaka vibarua wakaja kuangalia nani amekufa. Eliakim alipitisha kidole, akakivuta kile kijiwaya, hakikutoka. Akanishika sikio. Alikuwa akinishika sikio hivyo tulipokuwa tumeoana juzi tu.

Jumapili, 20 Oktoba

Uji. Kanisa. Sikukuu ya Mashujaa, viungo viwili.

Jumatano, 23 Oktoba

Mashine ya kupukuchua imekuja. Vumbi mpaka ndani ya masikio. Hakuna kiungo.

Jumapili, 3 Novemba

Mvua ambayo haikuwa na kazi huku wakati huu imekuja jana mchana, mahindi yote yakiwa yametandazwa uani. Ilianza kule Mlima Elgon, tukaiona ikishuka nyeupe. Nilipiga ukemi. Vibarua, majirani, Hesbon aliyekuwa ametoka matangani na suti yake, wote tukakusanya mahindi kwa mikono, kwa sahani, kwa makoleo, tukatia kwenye magunia, tukakimbilia stoo.

Stoo haikuwa na nafasi. Hesbon akashika ubao wa meza pale penye stesheni ya Lugulu, akaanza kuutikisa utoke.

"Mama, ni chakula hiki! Ni chakula cha mwaka mzima! Hii itatengenezwa siku nyingine!"

Eliakim alikuja kutoka nyumbani kwenye mvua, mguu unaburuta matope, hana fimbo. Alisimama katikati ya Hesbon na meza. Hakusema bado. Maji yalimtiririka usoni, na ule mkono uliolala ukawa unaning'inia tu, naye amesimama. Nilimwona vile alivyokuwa stesheni, amesimama na bendera, na treni nzima ya mizigo ikitii.

Na mimi, niliyekuwa nimesema sawa na kila kitu, nikasema, "Hesbon, acha. Magunia yataingia chini ya meza."

"Chini hakutoshi."

"Kutatosha. Lete."

Kumetosha. Magunia yamelala chini ya meza pande zote tatu, yameacha nafasi ya mtu mwembamba kujipenyeza kati ya gunia na nyaya. Hesbon alisema nimekonda. Vizuri. Leo nimelala chali juu ya mahindi yangu mwenyewe nikiunga nyaya juu ya pua yangu, na Eliakim akinimulikia tochi kutoka nje. Nilikuwa nasikia moyo wangu ukipiga kwa furaha. Kwa nini furaha, sijui. Nimechoka kuliko punda.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimevuka daraja la Kamukuywa. Uji kizima, maharagwe.

Alhamisi, 14 Novemba

Edinah amepiga simu. "Mulamwa, shemeji yangu, kitanda cha ndugu yangu nimetandika. Nimeweka karibu na dirisha, alale akiona barabara." Ni mtu mwema sana. Nilimwambia asante, halafu sikuweza kula.

Jumatano, 20 Novemba

Kiungo cha mwisho, Bungoma. Nyaya zilikuwa zinaning'inia ovyo, basi nikazikusanya pamoja, nyekundu na nyeusi, nikazifunga kwa kamba ya kushonea gunia, fundo kwa fundo, nikakaza vizuri. Kwa macho inapendeza. Eliakim haoni kule ndani, shingo haimruhusu kuinama hivyo. Nimeamua kumfanyia mshangao mbele ya mtoto wake.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimeaibika.

Hesbon alikuja nikamwita stoo. Nikamwambia simama hapo, leo utaona baba yako alikuwa anafikiri nini. Eliakim alivaa kofia yake ya kazi. Akazungusha kitufe. Taa ya kijani kwenye kisanduku ikazima, nyekundu ikawaka. Treni haikusogea hata unywele. Akazima, akawasha. Nyekundu. Mwanzoni ilikuwa inafika Kamukuywa. Sasa haitoki Kitale.

Hesbon hakusema, "Si nilisema?" Afadhali angesema. Alinishika bega, akaniambia, "Mama, umejitahidi. Tumwache apumzike sasa." Eliakim alivua kofia.

Jumapili, 24 Novemba

Uji amekataa.

Jumatatu, 25 Novemba

Amekataa. Hakwenda stoo.

Jumanne, 26 Novemba

Uji robo. Nimeanza kupiga pasi nguo zake za Bungoma.

Ijumaa, 29 Novemba

Nilikuwa nakusanya mabua ya ng'ombe pale uani. Eliakim alitoka, akachukua bua moja, akanipa. Akachukua lingine, akalishika yeye. Akanisogelea mpaka mabua yetu yakawa bega kwa bega.

Bua lina vifundo, kila mtu anajua. Akapanga kifundo cha lake kikaelekeana na kifundo cha langu. Akabana. Vifundo viligusana, kwingine kote kukabaki na mwanya. Akagonga pale palipogusana kwa kidevu chake, kwa nguvu, akaguna. Kisha akalisukuma bua lake mbele kidogo, kifundo chake kikakaa penye ulaini wa langu. Akabana tena. Hakuna kifundo kilichogusa kifundo.

Nilimwangalia. Akarudia. Mkabala, vinagusana. Vimepishana, havigusani.

Mabua yaliniponyoka. Plasta! Nyekundu hapa, nyeusi mbele kidogo. Hakuwa amekosea hata moja. Mahali nilipochuna ganda, shaba iko uchi. Na mimi nilizipanga shaba mbili mkabala, halafu nikazikumbatisha kwa kamba ya gunia nikakaza. Stima inatoka kwa nyekundu, inakutana na nyeusi hapo hapo Kiminini, inarudi nyumbani bila kuona treni. Nilijipenyeza chini na tochi. Penye fundo langu zuri la kwanza, uchi kwa uchi, zimebusiana.

Nilitoka na vumbi la mahindi kichwani nikapiga magoti mbele yake uani, vibarua wakitazama. Nikamwambia, "Ulijua. Siku ile ya plasta ulijua kila kitu, na ulinikataza mara nne." Akanishika sikio. Tumeishi na huyu mtu kama chombo kilichovunjika, kumbe mzima wote yuko ndani, anapanga, anahesabu, anatungoja tuelewe.

Jumatano, 4 Desemba

Uji vikombe viwili! Nimekata kamba zote. Nahamisha viungo vyeusi kimoja kimoja mbele kidogo, palipotoka shaba nafunika na tepu. Kipkirui amenipa tepu akaniambia, "Mathe, hiyo ni makosa ya kila mtu ambaye ni nadhifu."

Jumatatu, 9 Desemba

Nimemaliza. Stima imepotea kijiji kizima. Ati nguzo imeanguka.

Jumanne, 10 Desemba

Hakuna stima.

Jumatano, 11 Desemba

Hakuna. Begi lake liko mlangoni. Hesbon amevipaka viatu vya baba yake rangi mwenyewe, amevifunga ndani ya karatasi. Eliakim ameliangalia begi kutwa nzima.

Alhamisi, 12 Desemba

Edinah alifika mapema na gari la jirani yake, amevaa leso ya kanisa, ameleta kuku. Tulikula. Edinah akamshika kaka yake mkono, akamuuliza polepole kama anavyoulizwa mtoto.

"Ndugu yangu, unataka kwenda na mimi Bungoma?"

"Bado."

"Ama unataka kubaki hapa?"

"Bado."

Edinah akatuangalia. "Munaona? Hajui. Tumuamulie tu."

Hesbon alisimama akachukua begi. Hapo ndipo friji ya jikoni ilipoguna, taa ya sebuleni ikawaka mchana kweupe. Eliakim alikuwa ameshainuka. Sijamwona akienda haraka hivyo tangu Agosti. Tulimfuata sote, Hesbon na begi mkononi.

Stoo ilikuwa inanukia mahindi makavu. Akavaa kofia. Mimi nilishika ukuta. Akazungusha kitufe. Taa ya kijani ikabaki kijani.

Treni ikatoka Kitale. Ikapita Kiminini, haikusuasua. Ikaingia kwenye daraja la Kamukuywa na sisi wote tukaacha kupumua, hata Edinah asiyejua kitu. Ikavuka. Ee Mungu, ilivuka kama daraja halipo. Behewa la mwisho lilitoka kule likitikisika, na mimi nilikuwa najua kila kijiwaya kilichokuwa kikiilisha pale chini, kila kimoja nilikishika kwa mikono hii, na bado sikuamini. Ikapita Lugulu, sauti ile ile, mwendo ule ule. Kitu kisichoonekana kinatembea ndani ya shaba, kinapanda kwenye matundu niliyolala chini yake, kinaifikia kila mahali kwa nguvu moja. Nililia wazi wazi. Hesbon alikuwa amefungua mdomo kama mtoto wa chekechea. Ikafika Bungoma, dirishani, ikasimama polepole mbele ya stesheni, mlango wa behewa ukiwa sawa na jukwaa.

Edinah akapiga vigelegele. "Amejibu! Amesema mwenyewe! Anataka Bungoma!"

Moyo wangu ulianguka. Sote tuliona ilikosimama. Hesbon akalihamisha begi kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Eliakim alimwangalia dada yake kwa upendo mwingi. Akamngoja anyamaze. Kisha akabonyeza swichi ya kurudi nyuma, akazungusha kitufe tena, polepole kuliko mwanzo, na treni ikaondoka Bungoma. Ikarudi Lugulu. Ikavuka Kamukuywa. Ikapita Kiminini. Akaileta mpaka Kitale, mlangoni, pale tuliposimama sisi, akaisimamisha. Akazima. Akachomoa plagi ukutani, akaitia kwenye mfuko wa shati lake, akaifungia kifungo.

Edinah alikaa juu ya gunia. "Haya," akasema, anajipangusa macho. "Haya, kaka. Nimesikia."

Hesbon alisimama mbele ya baba yake, akavua kofia yake ya Jamhuri, akainamisha kichwa kidogo, kama alivyokuwa akisalimia akiwa mdogo. Kisha akalibeba begi, akalirudisha chumbani mwenyewe, na tukamsikia akifungua kabati.

Ijumaa, 13 Desemba

Uji vikombe viwili. Jua. Mkono wa kulia haujasogea. Treni imekwenda Bungoma mara nyingi leo, na kila mara imerudi.